Uzi: Gari la zamani linazunguka kichovu, haliwaki, ila linakohoa nikiachia ufunguo

Bonetiwazi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kabla sijalitelekeza hili gari.

Ni la zamani: petroli, silinda nne, kabureta, distribyuta ya pointi, gia za mkono. Halina kompyuta hata moja, kwa hiyo suala la kwenda kupima kwa mashine tuliweke pembeni.

Tatizo lina kama wiki tatu. Mwanzoni lilikuwa linawaka, ila stata inazungusha kichovu, kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Nikaambiwa betri. Nikanunua betri mpya. Siku mbili mambo safi, ya tatu likarudi kule kule. Nikaambiwa plagi. Nikabadilisha zote nne. Wapi! Tangu juzi haliwaki kabisa. Nikigeuza ufunguo ni nyooong... nyooong... nyooong... basi. Saa nyingine "tak" moja halafu kimya. Harufu ya petroli ipo, tena kali.

Kuna jambo moja linanichanganya. Nikishakata tamaa nikaachia ufunguo, pale pale ninapoachia, injini inakohoa mara moja kama inataka kushika. Nikirudia, hola.

Nimeshaambiwa koili (ile inayokuza umeme wa plagi), stata, pampu ya mafuta, na mmoja amesema niliuze tu lilivyo. Nianzie wapi?

Gia ya Nne

Koili hiyo, usipoteze muda. Langu lilifanya hivyo hivyo, nikabadilisha koili likawaka siku ile ile. Nunua tu.

Kiti cha Nyuma

Nimevuta kiti. Wajuvi waje.

Mzee wa Spana

Bonetiwazi, funga pochi kwanza. Umenunua betri na plagi bila mtu yeyote kupima kitu. Ukinunua na koili kwa mtindo huo huo utamaliza kubadilisha gari zima na ugonjwa utaukuta umekaa pale pale unakusubiri.

"Gari haliwaki" ni maneno mawili tu, lakini ndani yake kuna magonjwa ya aina mbili yasiyo na undugu. Kuna injini isiyozunguka inavyotakiwa, na kuna injini inayozunguka vizuri lakini haishiki. La pili ndiyo habari za cheche, petroli, hewa na mgandamizo wa silinda. La kwanza ni habari ya betri, waya nene na stata. Wewe una la kwanza, na watu wanakutibu la pili.

Sikiliza sauti, inasema mengi. Ukigeuza ufunguo ukapata kimya kabisa, hata tak hakuna, tafuta kwenye fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo, au ule waya mwembamba unaokwenda kwenye solenoidi ya stata, yaani swichi yake ya sumaku. Kwa gari la otomatiki, jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P. Ukisikia tak-tak-tak-tak za haraka kama mvua ya mawe juu ya bati, betri imeisha au kichwa chake kimelegea: solenoidi inavuta, umeme unaporomoka, inaachia, umeme unapanda, inavuta tena. Tak moja nzito halafu kimya maana yake solenoidi imevuta ila mota ya stata haikupata nguvu, au kaboni zake zimeisha, au mara chache injini yenyewe imekwama. Na kuzunguka kichovu kama lako ni umeme usiotosha unaofika kwenye stata. Kwa nini hautoshi ndiyo kazi yetu.

Naomba majibu matatu. Moja, washa taa kubwa gari likiwa mbele ya ukuta, piga stata, uniambie taa zinafanya nini. Mbili, una multimita au unaweza kuazima? Tatu, kabla tatizo halijaanza, nani alishika gari hilo na alishika nini?

Nyundo Ndogo

Mimi nina dawa ya siku zote. Mtu mmoja ageuze ufunguo, wewe ingia chini ugonge stata kwa nyundo. Likiwaka, stata ndiyo mgonjwa. Nimeendesha mwaka mzima kwa njia hiyo.

Mzee wa Spana

Nyundo, dawa yako inafanya kazi pale kaboni za stata zimeisha na hazigusi tena. Ukigonga zinasogea kidogo zinashika. Lakini taratibu, kwa mpini wa bisibisi au kipande cha mbao. Stata nyingi za miaka ya karibuni zina sumaku za kudumu zilizogundishwa ndani ya ganda. Ukizigonga kama msumari zinapasuka, na hapo stata imekwenda moja kwa moja. Pia usimpe mtu ufunguo wewe ukiwa chini ya gari bila kuhakikisha liko nyutro na limewekewa kabari. Injini ikishika likiwa na gia linakupanda.

Hata hivyo stata yenye kaboni mbovu kwa kawaida ama inazunguka ama haizunguki. Ya mwenzetu inazunguka, ila kwa shida.

Gia ya Nne

Mzee, maelezo mengi sana haya. Koili ni kazi ya dakika kumi.

Bonetiwazi

Nimerudi na majibu, wakuu. Nimeazima mita.

Taa: nilitegemea zitafifia mpaka zife. Hazikufa. Zimepungua kidogo tu, ukutani hata huoni tofauti kubwa, huku stata ikilia nyooong.

Betri ikiwa imetulia inasoma 12.6. Nikipiga stata inashuka hadi 11.3. Nilipoachia ikarudi 12.5.

Nilipokuwa hapo nikapima na koili ili kumridhisha Gia ya Nne. Ncha nyekundu kwenye chanya ya koili, nyeusi kwenye hasi ya betri, mwenzangu akipiga stata: 10.9.

Kuhusu nani alishika gari, hakuna. Linakaa nyumbani.

Kwa hiyo betri nzima, siyo? Stata ndiyo mbovu?

Gia ya Nne

Koili inapata 10.9 na haitoi cheche. Si nilisema?

Mzee wa Spana

Bado. Tena hiyo 11.3 ndiyo namba tamu kuliko zote ulizoleta.

Betri ya volti 12 iliyojaa inasoma kama 12.6 ikiwa imetulia. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, ikifika 12.0 imekaribia kuisha. Hapo uko vizuri. Sasa ukipiga stata, betri yoyote lazima ishuke, kwa sababu stata ya injini ndogo ya petroli inakula amperi 100 hadi 200. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, ama betri ni dhaifu ama stata inakula umeme kupita kiasi, kwa mfano imegoma ndani inajikwangua. Ya kwako imeshuka hadi 11.3 tu. Betri haijatoka jasho. Na taa zako hazikufifia, jambo linalosema hivyo hivyo.

Unganisha sasa: stata inalia kwa njaa, ghala limejaa. Chakula kinakwama njiani.

Usiifungue stata. Tunapima njia. Wengi wanapima waya kwa kuangalia kama umeme "unafika", na hapo ndipo mita inawadanganya. Waya mnene uliooza ukabaki na nyuzi tatu za shaba utakuonyesha volti 12.6 safi kabisa, maadamu hakuna kitu kinachovuta. Ukiupa amperi 150 ndipo unaanguka. Kwa hiyo tunapima stata ikiwa inavuta, na hatupimi volti zilizofika, tunapima zilizopotea.

Kwanza chomoa ule waya mnene wa katikati unaotoka koili kwenda kwenye kepu ya distribyuta, uuguse kwenye chuma cha injini ili injini isishike na koili isiumie. Gari nyutro, hendibreki juu. Weka mita kwenye volti za DC. Halafu:

Ncha moja juu ya nguzo chanya ya betri, yaani lile risasi lenyewe, siyo kishikizo chake. Nyingine kwenye nati ya waya mnene pale kwenye stata. Piga stata sekunde tatu, soma. Mpaka 0.5 tunavumilia.

Kisha nguzo hasi ya betri na bodi ya gari, sehemu yenye chuma kitupu. Kisha bodi na injini, pia chuma kitupu. Kwangua rangi kama ipo. Upande huu wote wa hasi, jumla isizidi 0.2 au 0.3.

Usipige stata zaidi ya sekunde kumi mfululizo, na kila jaribio lipe dakika moja ipoe.

Cheche Moja

Samahani kuingilia. Langu ni la sindano za mafuta, siyo kabureta. Asubuhi linawaka bila tatizo, nikishatembea nikazima, nikirudi baada ya dakika kumi linazunguka vizuri tu lakini haliwaki. Nikisubiri nusu saa, linawaka. Pampu ya mafuta?

Mzee wa Spana

Cheche, lako ni la aina ya pili, na ulistahili uzi wako. Kwa kifupi: likigoma, angalia mshale wa mzunguko wa injini kwenye dashibodi wakati wa kupiga stata. Kwenye magari mengi unacheza kidogo. Ukilala kabisa kwenye sifuri, mshukiwa wa kwanza ni sensa ya mzunguko wa injini, ile inayosoma krenki. Ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka. Ukiwa na chupa ya maji, mwagia sensa taratibu. Likiwaka hapo hapo umepata jibu. Kuhusu pampu, fungua ufunguo bila kupiga stata, tega sikio karibu na tangi: mara nyingi utaisikia ikivuma kama sekunde mbili halafu inanyamaza. Ukiisikia usiisamehe moja kwa moja, presha ipimwe, lakini angalau ujue inazunguka.

Bonetiwazi

Wakuu, namba hizi hapa.

Chanya ya betri hadi nati ya stata: 0.3.
Hasi ya betri hadi bodi: 0.07.
Bodi hadi injini: 2.8.

Hiyo ya mwisho nimeirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Na kuna kingine. Katika kurudiarudia nikataka kurudisha choki, ile inayobana hewa injini ikiwa baridi, kwa mkono pale kwenye kabureta. Nimeishika kebo yake nikaiachia kwa ukelele. Ina moto! Nimepata lengelenge kwenye kidole cha shahada. Injini haijawaka siku nne, chuma chote cha baridi, hata stata nimeigusa ina uvuguvugu tu, lakini kebo ya choki inaunguza na plastiki yake imeanza kulainika. Naogopa gari litashika moto.

Kiti cha Nyuma

Subirini kwanza. Kebo ya choki inapataje moto? Si ni waya wa kuvuta tu kama breki ya baiskeli?

Mzee wa Spana

Hahaha! Pole kwa kidole, lakini kidole hicho kimekuokolea stata na koili. Usipige stata tena mpaka nimalize.

Injini haikai juu ya chuma cha bodi. Inakaa juu ya mipira ili isitikise gari, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo kila gari lina waya mnene au mkanda wa nyuzi za shaba zilizosukwa, unaounganisha injini au giaboksi na bodi. Mafundi wanauita eathi ya injini. Stata imefungwa kwenye injini, haina waya wake wa hasi. Umeme wote unaoingia kwa chanya unatoka kupitia mwili wake, unaingia kwenye chuma cha injini, unapita kwenye mkanda huo, unafika kwenye bodi, unarudi betri.

Mkanda ukilegea au ukioza, umeme hausemi "basi". Unatafuta upenyo mwingine. Ni nini kingine cha chuma kinachounganisha injini na bodi? Kebo ya choki. Kebo ya pedeli ya mafuta. Kwenye baadhi ya magari, kebo ya klachi. Ganda la kebo ya choki ni waya mwembamba uliosokotwa kama springi, haukutengenezwa kubeba hata sehemu ndogo ya mzigo wa stata, kwa hiyo unapata moto kama waya wa jiko la umeme. Ukiona kebo ya choki inaunguza wakati wa kupiga stata, eathi ya injini ndiyo mgonjwa. Katika ufundi wa magari sijui dalili nyingine inayosema ukweli waziwazi kiasi hicho.

Piga hesabu. Betri 11.3, toa 0.3 ya njia ya kwenda, toa 2.87 ya njia ya kurudi: stata inapata kama 8.1. Ndiyo maana inalia.

Na sasa tuje kwa Gia ya Nne. Ile 10.9 ya koili ilipimwa ncha nyeusi ikiwa kwenye betri. Koili haimalizii umeme wake kwenye betri, inamalizia kwenye pointi, ile swichi ndogo inayokata na kuunganisha umeme wake, na pointi ziko ndani ya distribyuta, na distribyuta imefungwa kwenye injini. Ile injini ambayo wakati wa stata iko volti karibu 2.9 juu ya hasi ya betri. Rudia kipimo kile kile ncha nyeusi ikiwa kwenye injini, utaona karibu 8. Na nguvu inayojazwa kwenye koili haipungui sawasawa na volti, inafuata mraba wake: volti zikibaki thuluthi mbili, nguvu ya cheche inabaki chini ya nusu. Ongeza plagi zilizolowa petroli kwa sababu ya siku nne za choki, cheche hiyo haiwashi hata karatasi.

Ndiyo sababu ya kukohoa ukiachia ufunguo. Ulidhani ni jambo dogo, kumbe ulikuwa umeandika jibu mwenyewe kwenye posti ya kwanza. Ukiachia, stata inaacha kuvuta, zile volti 2.9 zinapotea papo hapo, koili inapata umeme wake wote, na injini bado ina robo ya mzunguko kabla haijasimama. Cheche moja nzuri inapiga, silinda moja inashika. Koh!

Kwenye magari yenye rezista ya koili dalili hiyo ina tafsiri nyingine pia: ule waya wa ziada unaoipa koili umeme wa moja kwa moja wakati wa stata unaweza kuwa umekatika. Kinyume chake, gari likiwaka wakati wa stata halafu likafa pale pale unapoachia ufunguo, rezista yenyewe imekatika. Lakini kwako namba zimeshasema.

Jaribio la mwisho kabla ya kununua chochote: chukua waya mmoja wa kubustia gari. Upande mmoja kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma kitupu na kinene cha injini, mbali na betri na mbali na kabureta. Piga stata.

Nyundo Ndogo

Mzee, katika zile sauti kuna ya injini kuzunguka kama cherehani, hukuieleza. Nimeulizwa na jirani.

Mzee wa Spana

Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, sauti moja iliyonyooka bila yale mapigo ya nguvu-pungua-nguvu-pungua, maana yake silinda hazigandamizi hewa. Mara nyingi taiming belti imekatika, vali zimesimama zilipo. Mwambie jirani aache kupiga stata, kwa sababu kwenye injini nyingi pistoni inaweza kuzikuta vali ziko wazi ikazipinda, kama haijazipinda tayari. Kama gari lina distribyuta inayozungushwa na kemshafti, afungue kepu, mwenzake aguse ufunguo sekunde moja, aangalie rota. Injini inazunguka na rota imesimama? Belti imekwenda.

Bonetiwazi

MREJESHO.

Waya wa kubustia nimeuweka kama ulivyosema, kwenye sikio la kunyanyulia injini. Nimegeuza ufunguo nikashtuka mwenyewe. Nilikuwa nimesahau stata hii huwa inazunguka vipi! Rrrrrrr. Kebo ya choki baridi kama chuma cha asubuhi.

Halikuwaka papo hapo. Nikachomoa plagi, zote nne zimelowa, zinadondosha petroli. Nikazifuta, nikaziacha juani saa nzima, nikapiga stata sekunde chache bila plagi ili silinda zijipumulie (waya wa koili nilikuwa nimeuchomoa na kuugusisha kwenye injini, maana mvuke wa petroli ulikuwa unatoka kwenye matundu). Nikarudisha plagi, choki ndani, mguu wa mafuta mpaka chini bila kuuinua. Mzunguko wa tatu au wa nne likashika, likatoa moshi mweusi kama treni, kisha likatulia likaanza kunguruma. Nimekaa ndani dakika tano bila kuzima, nacheka peke yangu.

Kisha nikaingia chini kuutafuta huo mkanda. Upo kati ya giaboksi na bodi. Upande wa bodi ni kijani kibichi, unga unga. Upande wa giaboksi bolti inazunguka kwa vidole, na chini yake kuna tabaka la grisi na matope. Nyuzi nyingi zimekatika, zilizobaki nimezihesabu kwa tochi: kumi na moja.

Na hapa niombe radhi kwa Mzee. Uliuliza nani alishika gari nikasema hakuna. Gari lilifungwa klachi mpya mwezi uliopita. Giaboksi ilishushwa. Niliona hayahusiani kwa sababu klachi haina umeme.

Mzee wa Spana

Klachi haina umeme, ila ili kushusha giaboksi lazima ufungue mkanda huo. Fundi akiurudisha juu ya uchafu akakaza nusu nusu, gari linatoka gereji linawaka vizuri, na wiki moja baadaye mwenye gari ananunua betri. Kwa hiyo ndiyo maana huwa nauliza swali lile, na ndiyo maana naliuliza mara mbili. Leo nilisahau mara ya pili.

Funga mkanda mpya, unene usiwe chini ya ule wa zamani. Piga msasa pande zote mbili mpaka chuma king'ae, kaza kwa spana, halafu paka grisi juu kwa nje dhidi ya kutu. Siyo grisi kwanza halafu bolti.

Mawili zaidi. Alternata nayo imefungwa kwenye injini, kwa hiyo umeme wa kuchaji betri ulikuwa unarudi kwa njia ile ile mbovu. Injini ikiwa inanguruma pima betri, utake kuona kati ya 13.8 na 14.4. Na ukiwa hapo fungua kepu ya distribyuta uangalie mwanya wa pointi. Kile kipande cha plastiki kinachosuguana na shafti huwa kinalika, mwanya unazidi kufunga. Magari mengi ya aina hiyo yanataka karibu milimita 0.4, ila fuata kitabu cha gari lako.

Gia ya Nne

Haya, koili ilikuwa nzima. Lakini langu kweli ilikuwa koili.

Kiti cha Nyuma

Ya kwako ulipima?

Gia ya Nne

Ilikuwa koili.

Bonetiwazi

Mrejesho wa pili. Mkanda mpya umefungwa. Bodi hadi injini wakati wa stata: 0.11. Betri wakati wa stata sasa inashuka hadi 10.4, nikaogopa, kisha nikakumbuka kwamba sasa stata inakula chakula chake chote. Ikinguruma betri inasoma 14.1.

Pointi nilikuta mwanya kama 0.2, uso mmoja una kichuguu na mwingine una shimo. Nimebadilisha pamoja na kondensa, nimeweka 0.4, na taiming ya cheche imerekebishwa kwa taa yake kwa sababu nimeambiwa mwanya ukibadilika nayo inasogea. Asubuhi ya leo nusu mzunguko tu, limewaka.

Ile betri ya zamani niliyoitoa nikiambiwa imekufa nilikuwa nimeiweka kona. Nimeichaji usiku kucha. Imelala siku mbili, inasoma 12.6. Nimeipachika kwenye gari nikapiga stata, imeshuka hadi 10.2 na gari limewaka. Sasa nina betri mbili.

Swali la mwisho. Choki sasa inakwama nusu, haiingii wala haitoki. Nadhani plastiki ya ndani ya kebo iliyeyuka ikashikana na waya. Nimwage oili?

Mzee wa Spana

Oili haiyeyushi plastiki iliyoungua. Usiivute kwa nguvu, utaung'oa mkono wa choki kwenye kabureta. Legeza skrubu inayobana waya pale kwenye kabureta, sukuma mkono wake kwa kidole mpaka choki ifunguke yote, uendeshe hivyo mpaka upate kebo nyingine. Na angalia kebo ya mafuta pia, hiyo nayo ilikuwa njiani.

Bonetiwazi

Nimeiangalia. Iko sawa, inarudi yenyewe. Naenda kulegeza hiyo skrubu.